Barua ya wazi: Hicho kinu kitapika maharage?

Kwa: Mheshimiwa Waziri wa Nishati, Mheshimiwa Waziri wa Madini, Wajumbe wa Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Nishati na Madini, EWURA, Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania.

Nakala: Jiji la Dodoma, kwa sababu ya habari ya vioo iliyo karibu na mwisho.

YAH: KINU CHA NYUKLIA NA SUFURIA LA SHULE

Waheshimiwa,

Shikamooni mnaostahili shikamoo yangu, na mlio rika langu, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule moja ya sekondari hapa Dodoma, upande wa barabara iendayo Bahi. Barua hii haina chama nyuma yake wala tenda mbele yake. Imetokana na swali la mwanafunzi wa kidato cha nne ambalo mpaka leo sijalijibu kwa namna iliyoniridhisha mwenyewe.

Nilikuwa nafundisha jinsi kiini cha atomu kinavyopasuka. Nyutroni moja inagonga kiini cha urani, kiini kinapasuka, joto linatoka, na nyutroni nyingine mbili tatu zinaruka kwenda kugonga vingine. Nikawaambia kuwa joto hilo ndilo linalozalisha umeme kwenye kinu cha nyuklia, na kwamba kidonge kimoja cha fueli ya urani, ukubwa wa ncha ya kidole cha mwisho, kina nishati inayokaribia ya tani nzima ya makaa ya mawe. Nikawaambia pia kwamba urani hiyo ipo hapa kwetu: Bahi, Manyoni, na hasa Namtumbo kule Ruvuma, ambako mwezi Julai 2025 Rais alizindua mtambo wa majaribio wa kuichakata. Darasa lilitulia kweli. Halafu binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono.

“Mwalimu, hicho kinu kitapika maharage?”

Wenzake waliangua kicheko. Mimi sikucheka, maana dirisha la darasa lile linatazama jiko la shule.

Niwaeleze hilo jiko. Ni banda la bati lenye mafiga ya matofali ya kuchoma, na juu yake masufuria ambayo mtoto wa darasa la tatu anaweza kujificha ndani. Ukuta wa ndani umekuwa mweusi wa kung'aa, kama umepakwa lami. Mama mpishi anawasha moto saa kumi alfajiri ili wanafunzi wale makande saa saba mchana. Watu wa Dar es Salaam hushangaa kwa nini maharage ya Dodoma yana kiburi namna hii. Sababu ni fizikia tupu: tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na huku maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayafiki 100. Ubaoni nyuzi nne si kitu. Jikoni ni saa nzima ya kuni, na mama mpishi anaimalizia akiwa amejifunga khanga puani, macho yanamtiririka, huku anakoroga kwa mwiko mrefu kama kasia.

Lori la kuni huja kila baada ya wiki mbili. Dereva ni yuleyule wa miaka yote. Zamani alikuwa anapakia karibu, akirudi mara mbili kwa siku moja. Sasa anavuka Manyoni na kulala njiani. Na mzigo wenyewe umebadilika: yalikuwa yanakuja magogo ya kupasuliwa kwa shoka, siku hizi zinakuja fito. Mtu yeyote anayetaka kujua hali ya misitu ya kanda ya kati asihangaike na picha za setilaiti, aje kutazama unene wa kuni zetu.

Najua agizo lipo. Serikali ilizitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa, nasi tulitii. Tukawekewa majiko ya gesi. Muhula wa kwanza mambo yalikwenda vizuri, mama mpishi akawa anakuja kazini saa kumi na mbili na khanga yake ikiwa begani. Muhula wa pili gesi ikaisha siku ya Jumatano, fungu la mwezi likawa limeshatumika, na Ijumaa lile lori likapiga honi getini. Sitaji shule, wala simlaumu mtu. Nasema tu kwamba agizo lilifika jikoni kabla ya bajeti yake.

Sasa nirudi kwenye swali la binti, kwa sababu ndani yake mna jambo ambalo sijalisikia likisemwa kwenye mijadala yetu ya nyuklia.

Wazungu wakisema kinu cha nyuklia kinapunguza hewa ukaa, hesabu yao iko wazi: wanafungua kinu, wanafunga mtambo wa makaa ya mawe. Kwa makadirio ya jopo la wanasayansi wa Umoja wa Mataifa wa tabianchi, IPCC, yaliyotoka 2014, ukihesabu kila kitu tangu machimbo hadi kubomoa mtambo, uniti moja ya umeme wa makaa ya mawe inatoa takriban gramu 820 za hewa ukaa, ya gesi asilia gramu 490, ya nyuklia gramu 12. Ufaransa ilifanya uamuzi huo 1974, baada ya mafuta kupanda bei, na leo karibu theluthi mbili ya umeme wake unatoka kwenye vinu. Ujerumani imekwenda njia nyingine, ikazima vinu vyake vitatu vya mwisho Aprili 2023 huku mitambo yake ya makaa ya mawe ikiendelea kufuka. Mimi ningeanza na makaa, lakini hayo ni ya kwao.

Ya kwetu ni tofauti. Umeme wetu mwingi unatoka kwenye maji, na sehemu kubwa ya unaobaki inatoka kwenye gesi ya Songo Songo na Mtwara. Tukijenga kinu kwa gharama kubwa, halafu umeme wake ukaishia kwenye taa, televisheni na chaji za simu, hewa ukaa tutakayopunguza itakuwa ndogo mno kwa fedha hizo. Moshi wa Tanzania uko kwenye mafiga. Takwimu ambazo Serikali yenyewe huzitaja zinasema tunapoteza hekta zipatazo 469,000 za misitu kila mwaka. Si zote zinaliwa na mkaa na kuni, kilimo na malisho vina mkono wao, tena mzito; lakini sufuria ina fungu lake, na fungu hilo ndilo umeme unaweza kulichukua. Umeme usipofika chini ya sufuria, kinu kitakuwa pambo la gharama kubwa.

Kwa hiyo jibu la binti ni hili: kitapika, ikiwa ninyi mtaamua kipike. Na uamuzi huo hausubiri kinu. Unaanzia kwenye Luku.

Mwaka jana mke wangu alinunua jiko la presha la umeme. Nilipinga, nikidhani ni anasa ya mjini. Ubishi ukaishia kwenye jaribio, kama ilivyo kawaida ya nyumba ya mwalimu wa fizikia. Tulipima kilo moja ya maharage makavu, hayakulowekwa, tukazima friji na vyote vingine, nikaandika namba ya Luku, tukawasha. Ndani ya presha maji hayachemki kwenye nyuzi 96 za Dodoma, yanapanda na kupita 110, na kile kiburi cha maharage kinavunjika. Baada ya saa moja na dakika chache yalikuwa yameiva ya kupondeka kwa kidole. Luku ilikuwa imekula chini ya nusu uniti. Mkaa tuliokuwa tunatumia kwa kilo ileile ulikuwa wa buku nzima, na mara nyingine tuliongeza.

Hapo ndipo ninapokuja kwenu EWURA. Kwa bei zilizoanza kutumika 2016, mteja mdogo wa nyumbani, yule wa D1, analipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi, kabla ya kodi na tozo. Uniti ya 76 ni shilingi 350. Akizoea kuvuka, anahamishiwa daraja la T1, lisilo na bei hiyo nafuu. Nia ilikuwa njema, mnyonge apate taa kwa bei nafuu, na siombi iondolewe. Lakini ngazi hiyo ilipangwa kwa ajili ya nyumba inayowasha taa na redio, haikupangwa kwa ajili ya nyumba inayopika. Familia inayotumia uniti 60 ikianza kupika kwa presha na jiko la sahani moja, uniti 30 au 40 zinaongezeka bila ubadhirifu wowote. Inavuka mstari. Mtaani kwetu nawaona watu ikifika tarehe 20 wanaichungulia Luku kama dereva wa basi anavyochungulia geji ya mafuta akiwa porini. Presha inarudishwa kabatini, mkaa unatolewa uvunguni, mpaka mwezi uandame.

Cha kusikitisha ni kwamba wanakosea hesabu. Hata kwa shilingi 350, maharage yale yananigharimu chini ya shilingi 200, na mkaa wake ni buku. Umeme unashinda kwenye daraja zote mbili. Ila mtu haogopi hesabu, anaogopa kuvuka mstari, na huo mstari mmeuchora ninyi. Tupeni fungu la uniti za kupikia, uniti 40 juu ya zile 75, kwa bei ya katikati, kwa nyumba itakayosajili jiko lake la umeme. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Mitungi ya gesi inayogawiwa kwenye mikutano haitatufikisha peke yake. Mtungi wa bure ukiisha, wa pili ni wa kununua, na nimeshaona mitungi mingi ikitumika kama kigoda.

Nimeanza na sufuria makusudi, ili mnielewe ninaposema kuwa naunga mkono kinu cha nyuklia.

Sababu yangu ni Mtera. Bwawa lile liko mpakani mwa mkoa wetu na Iringa. Mtambo wake ni wa megawati 80 tu, lakini kazi yake kubwa ni kuwa ghala la maji ya Kidatu, yenye megawati 204. Likijaa, maji yanasimama mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Yakishuka hadi 690, mashine inatakiwa kuzimwa. Umeme wetu wa miaka mingi ulikuwa unaning'inia kwenye mita hizo nane na nusu. Walioishi mgawo wa 2006 na ule wa 2011 wanakumbuka redio ikitangaza kina cha Mtera kama inavyotangaza matokeo ya mpira. Leo tuna Bwawa la Julius Nyerere, mashine tisa za megawati 235, jumla 2,115, na ni kazi ya kujivunia. Lakini tazameni ramani. Ruaha Mkuu inayojaza Mtera na Kidatu inakwenda kumwaga maji yake Rufiji, kwenye mto uleule. Mvua ikisusa Nyanda za Juu Kusini, Mtera, Kidatu na Nyerere vinashika njaa siku moja.

Jua tunalo, na Dodoma tunalo la kugawa. Upepo wa Singida unasifiwa tangu nikiwa chuoni, na vyote viwili ningependa kuviona vikijengwa kabla ya kinu, maana vinajengwa haraka. Ila kilele cha matumizi yetu ni saa moja hadi saa nne usiku, jua likiwa limeshazama na watu wamerudi nyumbani. Tunahitaji kitu kimoja kisichoomba ruhusa ya wingu. Kinu cha nyuklia kinawaka mwaka mzima au zaidi kabla ya kusimama kubadilishiwa fueli.

Baada ya kusema hayo, naomba tusidanganyane kwenye mambo manne au matano, maana huko mitaani porojo ni nyingi.

La kwanza ni hili la “urani ni yetu, kwa hiyo umeme utakuwa wa bure”. Kuwa na mtama ghalani si kuwa na ugali mezani. Urani inayochimbwa ina aina inayopasuka kirahisi, ile 235, kwa asilimia 0.7 tu, na vinu vingi vinahitaji irutubishwe hadi asilimia 3 mpaka 5, kisha itengenezwe vidonge na kuwekwa kwenye fito za chuma maalumu. Viwanda vya kurutubisha viko kwenye nchi chache duniani, na siasa zake mnazijua kuliko mimi. Tutauza ghafi, tutanunua fueli. Umoja wa Falme za Kiarabu hawachimbi urani yao wenyewe, na vinu vyao vinne vya Barakah vinawaka. Machimbo ni biashara moja, umeme ni nyingine, na kila moja isimame kwa hesabu yake.

La pili ni ukubwa. Mwanzoni mwa 2025 mahitaji ya juu kabisa ya gridi yetu yalikuwa karibu megawati 1,900. Mafundi wa gridi wana kanuni yao ya tahadhari: mashine moja isizidi kama sehemu moja ya kumi ya gridi, kwa sababu siku ikizimika ghafla itaburuta nchi nzima gizani. Kwa kanuni hiyo, kinu kimoja cha megawati 1,000 au 1,200, kama vile vinne wanavyojenga Wamisri kule El Dabaa, ni tembo kwenye mtumbwi. Kinachotufaa ni vinu vidogo, megawati 100 mpaka 200, na vya namna hiyo vinavyofanya kazi duniani bado ni vya kuhesabu kwa vidole. Warusi wana kimoja kinachoelea majini huko Pevek, chenye mashine mbili za megawati 35, tangu 2020. Wachina wamejenga kingine cha megawati 125 kisiwani Hainan. Ushauri wangu wa kijijini: tusiwe mteja wa kwanza wa gari ambalo bado liko kwenye michoro. Tumwache mwingine alipande kwanza.

Fedha na muda nitavisema kwa kifupi kwa sababu mnao wachumi. Misri imekopa Urusi dola bilioni 25 kwa ajili ya El Dabaa. Wamarekani walijenga vinu viwili kule Vogtle, jimbo la Georgia, vikachelewa miaka kama saba na gharama ikapita dola bilioni 30. Hao ni Wamarekani. Umoja wa Falme za Kiarabu walitangaza sera yao ya nyuklia 2008, wakaunda mdhibiti 2009, wakaanza kujenga 2012, na umeme wa kwanza ukaingia kwenye gridi 2020. Miaka 12, wakiwa na fedha na bila foleni ya vibali. Anayewaambia wananchi kuwa nyuklia itaondoa mgawo kabla ya uchaguzi ujao, au ule unaofuata, anawachezea.

La mdhibiti ndilo linaloninyima usingizi. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki linaipa kila nchi inayoanza mambo 19 ya kujiandaa nayo, na mdhibiti huru ni mojawapo. Kwetu, Sheria ya Nguvu za Atomiki ya 2003 imeipa Tume moja kazi ya kudhibiti mionzi na pia ya kuhamasisha matumizi ya teknolojia hiyo. Kwa mashine za eksirei na vipimo vya vyakula bandarini, hilo linavumilika. Kwa kinu, haiwezekani refa awe pia kiongozi wa ushangiliaji. Baada ya ajali ya Fukushima ya Machi 2011, tume iliyoundwa na Bunge la Japani iliandika kuwa tsunami ilikuwa ya asili lakini maafa yale yalitengenezwa na binadamu: mdhibiti, serikali na kampuni walikuwa wamekaa meza moja mno. Na wale ni Wajapani, watu wa kupima kila kitu mara tatu. Wabunge, gaweni kazi hizo mbili kwa sheria kabla ya kusaini makubaliano yoyote ya ujenzi. Kuunda taasisi ni kazi ya miaka, lakini haihitaji dola bilioni.

Halafu kuna Bahi. Kila niendapo huko kununua mchele nasikia maswali yaleyale, tangu watafiti wa urani walipopita na magari yao. Wakulima wa mpunga hawaulizi habari za atomu. Wanauliza habari za maji. Na swali lao lina mashiko ya kijiografia, maana mbuga ya Bahi ni sinia: mto Bubu unaingia na hautoki. Kinachomwagwa mle kinabaki mle, kinasubiri mvua, kinapanda kwenye jaruba. Vumbi la machimbo ya urani na mabaki yake hayafanani na ya kokoto. Kwa hiyo pima maji ya visima na ya mbuga sasa hivi, kabla jembe la kwanza la mchimbaji halijagusa ardhi, na matokeo yabandikwe ofisi za vijiji kwa Kiswahili, siyo ripoti ya kurasa 400 kwa Kiingereza iliyofungiwa Mtumba, kwenye ofisi za Serikali. Wenzetu wa Kenya walipeleka mpango wa kinu Uyombo, Kilifi, wakakuta wananchi wameshafunga milango. Mkifika Bahi na vipimo mkononi mtasikilizwa. Mkifika na bulldoza, sina la kuwasaidia.

Mtaniuliza maji ya kupozea kinu yatatoka wapi katika nchi kavu kama hii. Swali zuri, na sidai kijengwe Dodoma. Lakini jueni kwamba moja ya vituo vikubwa vya nyuklia Marekani, Palo Verde, kiko jangwani Arizona, mbali na bahari na mto, na kinapozwa kwa maji taka yaliyosafishwa kutoka miji ya jirani. Sisi maji taka ya Dodoma tunayatazama kama kero tu.

Sasa jambo la matumizi, na hapa naomba mnivumilie kidogo.

Mwanzoni mwa 2024 tulikuwa kwenye mgawo. Machi mwaka huohuo, mvua zilipozidi, mitambo mitano ya maji ilizimwa kwa sababu umeme umezidi mahitaji. Miezi michache, kutoka njaa hadi kuvimbiwa. Mtambo wa maji unaweza kuzimwa kwa kufunga lango. Kinu cha nyuklia hakipendi mchezo huo; gharama yake kubwa imeshalipwa siku ya kujenga, fueli ni sehemu ndogo, kwa hiyo kila saa kikilala ni hasara. Kabla ya kukijenga lazima mjue nani atautumia umeme wa saa nane usiku.

Wateja hao wapo, ila hakuna aliyewaita. Pampu za visima vya Mzakwe zinazoinywesha Dodoma zinaweza kupewa bei ya usiku wa manane, matangi yajazwe watu wakiwa wamelala, zipunguze kasi saa moja jioni. Tangi lililojaa mlimani ni betri, nalo halihitaji madini ya kutoka ng'ambo. Treni ya SGR, inayoleta abiria wa Dar es Salaam hapa kwa umeme tangu katikati ya 2024, inaweza kuvuta mizigo usiku. Bodaboda za umeme zinachajiwa mwenyewe akiwa kitandani. Na shule: pipa la maji la lita 1,000, lililofungwa pamba na maturubai vizuri, likichemshwa saa tisa usiku, linampa mama mpishi maji yanayofukuta saa kumi na mbili asubuhi. Bei ya usiku kwa wateja wa kawaida inahitaji mita zinazojua saa. Anzeni na taasisi za Dodoma, ni chache na ziko karibu na ofisi zenu.

Na hivi vioo. Jiji la Dodoma, hapa ndipo penu. Babu yangu aliishi kwenye tembe. Paa bapa la udongo, kuta nene, dirisha dogo. Saa nane mchana mwezi wa Oktoba, nje joto linapasua midomo, ndani ya tembe unaweza kulala usingizi. Mjukuu wake amekwenda Mtumba kufuatilia kibali, akakaa kwenye chumba cha kusubiri chenye ukuta mzima wa kioo unaotazama magharibi, viyoyozi vitatu vinanguruma, mapazia yamefungwa kuzuia jua, na taa zimewashwa kwa sababu mapazia yamefungwa. Nilihesabu taa 24. Dodoma usiku ni baridi. Jengo lililojengwa kwa akili hulala limefungua madirisha na kuamka limepoa. Sisemi mjenge tembe za ghorofa sita. Nasema kibali cha ujenzi kiulize mambo matatu tu: kioo kimetazama wapi, kivuli kiko wapi, hewa inapita wapi. Jengo likihitaji umeme kidogo mchana, jua la kwenye paa lake linatosha kuliendesha, maana saa ambayo viyoyozi vinalia ndiyo saa ambayo jua linawaka.

Na kabla sijasahau, upotevu. Zaidi ya sehemu moja ya kumi ya umeme tunaozalisha hupotea kabla haujafika kwa mteja, kwa nyaya ndefu, transfoma zilizoelemewa na wizi. Piga hesabu hiyo kwenye megawati 1,900 mtaona inazidi mtambo wa Mtera mara mbili. Kinu kinachojengwa juu ya gridi inayovuja kitavujia humohumo.

Waheshimiwa, Bunge linakaa umbali wa dakika ishirini na tano kutoka jikoni kwetu, pikipiki haifiki nusu saa hata ikiwa na kelele za kuomba matengenezo. Makande tunapika Jumatatu na Alhamisi. Mkija saa kumi alfajiri mtamkuta mama mpishi anapuliza moto. Leteni kitambaa cha pua. Mkipenda njooni na presha kubwa moja ya lita 50 ya umeme, mita yake, na mtu wa EWURA. Mimi nitaleta kidato cha nne na ubao, tutaandika namba ya mwanzo na namba ya mwisho, na yule binti wa dawati la nyuma ndiye atakayepiga hesabu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Fizikia,
Dodoma